Kuondoa mikwaruzo ya FM kwenye risiva ya nyumbani: mwongozo kamili kwa wakazi wa Moshi

Risiva nyingi (zile amplifaya za sebuleni zenye redio ndani) zinazolaumiwa kwa kukwaruza FM hazina ubovu wowote. Chungulia nyuma yake utakuta kale kawaya kembamba kalikokuja ndani ya boksi, kamejikunja kati ya kabati na ukuta. Juu kuna mabati, dirishani kuna nondo, na pembeni kuna king'amuzi, ruta na chaja tatu zinazokaa kwenye soketi usiku na mchana. Katika hali hiyo hata risiva ya bei mbaya itatoa "shhh".

Uwezo wa kukuza mawimbi risiva inao tayari, tena wa kutosha. Inachokosa ni mawimbi safi, yaani yanayozidi kelele kwa mbali. Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake: unapunguza kelele za ndani ya nyumba, unapanga risiva yenyewe, halafu unaipa antena yenye vipimo sahihi mahali pa wazi. Busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, huja mwisho kabisa, na nyumba nyingi haziihitaji. Anayeanza na busta anakuza mawimbi pamoja na kelele zake, kisha anashangaa kwa nini pesa imekwenda na mikwaruzo imebaki.

Sikiliza kelele kwanza, kila moja ina chanzo chake

Weka stesheni inayokusumbua, nyamazisha watu sebuleni, sikiliza dakika mbili.

Ukisikia "shhh" ya mfululizo kama mvua juu ya bati, na mtangazaji anasikika nyuma yake bila kuvunjika, mawimbi ni hafifu. Dawa yake ni antena.

Ikiwa herufi "s" na "sh" zinapasuka, kwaya inasikika kama spika imechanika, na hali inabadilika mtu akipita mbele ya risiva, huo ni mwangwi wa mawimbi. Matangazo yale yale yanakufikia mara mbili: mara ya kwanza moja kwa moja kutoka mnarani, mara ya pili yakiwa yamegonga mlima, jengo au paa na kuchelewa kidogo. Moshi tatizo hili ni la kawaida, kwa sababu kaskazini yetu kuna ukuta wa mita 5,895. Mwangwi hauponi kwa kuongeza nguvu. Unapona kwa kugeuza antena ili isiutazame upande unakotokea.

"Zzzz" au "tik-tik-tik" inayoanza na kukoma ghafla ni kelele ya vifaa vya umeme. Na ukikuta stesheni moja inatokea sehemu mbili tatu kwenye masafa, au inafunika majirani zake, nguvu imezidi: mnara uko karibu mno na antena yako ni kubwa mno kwa mahali hapo. Hapo unahitaji antena ndogo zaidi. Waya wa sentimita 20 au 30 unaweza kumaliza tatizo, au kipunguza nguvu cha desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi) kinachofungwa kati ya kebo na risiva.

Risiva ya mtumba: tazama ilikotoka

Hapa watu hupoteza wiki nzima wakihangaika na antena kumbe tatizo liko kwenye mashine. FM ya Tanzania iko kati ya megahezi 87.5 na 108. Vifaa vya zamani vilivyotengenezwa kwa soko la Japani huishia 90, kwa sababu FM ya kwao ilianzia 76. Ndiyo maana magari ya Japani hufungwa kile kifaa cha kupanua bendi. Kwa risiva ya nyumbani kifaa hicho hufanya kazi, lakini huongeza kelele zake na namba kwenye kioo hazilingani na stesheni. Kama risiva ina sauti unayoipenda, ni afadhali uiache iwe amplifaya na uiunganishie tuna ya pembeni (kifaa cha kunasa redio tu) kwenye tundu la AUX. Kumbuka pia kwamba umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230.

Risiva za Marekani zina tabia nyingine. Hutafuta stesheni kwa kuruka 0.2, na kwa namba witiri tu: 98.1, 98.3, 98.5. Stesheni ikiwa kwenye 98.4, risiva inasimama pembeni yake, na sauti inatoka imechanika hata kama mnara unauona kwa macho. Nyingi zina swichi nyuma iliyoandikwa TUNING STEP au AREA, au hubadilishwa kwa kushikilia vitufe viwili wakati wa kuwasha. Chagua kilohezi 9 kwa AM, na FM itahamia hatua ya 0.05 au 0.1 yenyewe. Utaratibu kamili uko kwenye kitabu cha modeli yako. Kubadilisha hatua hufuta stesheni ulizohifadhi, kwa hiyo ziandike kwanza. Na ikiwa nyuma pameandikwa AC 120V peke yake, usiichomeke ukutani bila transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya zile za kwenye kibandiko. Risiva hiyo itasikika imefifia kidogo kwenye sauti nyembamba, kwa kuwa Marekani hurekebisha sauti nyembamba kwa kipimo tofauti na cha kwetu. Ongeza trebo kidogo, yatosha.

Halafu tafuta kitufe cha FM MODE au MONO. Kwa stesheni ya mbali, kuhama kutoka stirio kwenda mono huondoa kelele kwa takriban desibeli 20, na hakuna antena ya nyumbani utakayonunua itakayokupa faida kubwa hivyo kwa mara moja. Taarifa ya habari, mahubiri, salamu na mpira havipotezi chochote kwenye mono. Jaribu hili kabla hujatoa hata shilingi.

Kelele za ndani ya nyumba

Chukua redio ndogo ya betri, ivute antena yake, iweke kwenye stesheni hafifu au sehemu tupu ya masafa. Zima meni swichi ya nyumba. Kelele ikiisha, mwenye kosa ni wewe. Ikibaki vilevile, inatoka kwa jirani au kwenye nguzo. Zima pia sola kama unayo, maana sola haijali meni swichi.

Ukishajua ni ya ndani, washa umeme na uchomoe kifaa kimoja kimoja. Anza na taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, adapta ya ruta, adapta ya king'amuzi, inveta na kontrola ya sola. Ruta yenyewe hurusha intaneti kwenye masafa ya mbali sana na FM, kwa hiyo wasiwasi wako uwe kwenye adapta yake. Taa moja mbovu ya barazani inaweza kuharibu FM ya nyumba nzima, na ukiibadilisha kwa ya aina nyingine kelele inakatika. Pitisha redio ya betri karibu na kila kifaa. Kelele inapopanda, umempata.

Kifaa usichoweza kukiondoa kifunge feraiti. Ni ule uvimbe mweusi ulioko kwenye waya wa chaja ya kompyuta, na mafundi wa vifaa chakavu wanazo nyingi. Pitisha waya wa kifaa ndani yake mara tatu hadi tano, karibu kabisa na kifaa kinachotoa kelele. Ukiupitisha mara moja tu, faida ni ndogo. Weka nyaya za umeme upande mmoja wa kabati na kebo ya antena upande mwingine, na usiruhusu waya wa HDMI ulale sambamba na kebo hiyo.

Ikiwa kelele ni ya nguzo, ina dalili yake: inavuma "zzzz" nene wakati wa kiangazi na vumbi, kisha inapotea mvua ikinyesha. Hapo kuna muunganiko uliolegea unaotoa cheche. Soma namba ya nguzo uwaripoti TANESCO. Usiiguse wala usiigonge nguzo.

Antena ya ndani, na kwa nini mara nyingi haitoshi

Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3. Antena ya waya mmoja iwe robo ya hapo, sentimita 75. Ile ya utepe yenye umbo la T iwe nusu, mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Ukiwa na T, inyooshe kabisa. Iliyokunjwa nyuma ya kabati si antena tena, ni waya tu. Ibandike ukutani kwa tepu, sauti ikiwa juu, ukiigeuza taratibu: kwanza ilale, halafu isimame wima. Mitambo mingine hurusha mawimbi yaliyolala, mingine yaliyosimama, mingine vyote viwili, kwa hiyo jaribio ndilo litakaloamua.

Bati halipitishi mawimbi haya. Chini ya paa la bati yanaingia kwa madirisha na kuta, na nondo za dirisha nazo huyavuruga. Antena ya ndani ikae karibu na dirisha linalotazama mnara, nusu mita kutoka kwenye nondo, wala isikae darini. Wengi hufikiri darini ni juu, kwa hiyo ni pazuri, kumbe wameiweka ndani ya sufuria. Migomba kuzunguka nyumba haina madhara makubwa, iache.

Kosa jingine la kila siku ni kuunganisha risiva na antena ya king'amuzi. Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, antena zinazouzwa madukani nyingi ni za UHF (masafa ya TV yaliyo juu ya FM), na vijiti vyake ni vifupi mno kwa wimbi la mita 3. Zitashika kidogo kupitia kebo tu. Dishi ndilo halifai kabisa.

Kutengeneza dipoli ya nje

Dipoli ni antena ya mikono miwili ya waya iliyonyooka, kebo ikitokea katikati. Inagharimu kidogo kuliko busta na inadumu miaka. Vifaa vyote utavipata duka la vifaa vya umeme:

- bomba la kijivu la PVC la kupitishia nyaya, milimita 20, mita 2, na vifuniko viwili vya ncha
- boksi moja la duara la PVC lenye matundu matatu (umbo la T)
- waya wa shaba wa nyumba, milimita 2.5 za mraba, wenye uzi mmoja, mita 1.6
- konekta ya skrubu ya plastiki, vyumba viwili
- kebo ya RG-6 (ile ya antena za TV na dishi), kutoka paani hadi risiva pamoja na mita 2 za ziada
- plagi inayolingana na risiva yako
- klipu mbili au tatu za feraiti zinazoingia kebo, kama utazipata
- silikoni, tepu, na vibano vya kufungia kwenye nguzo

Urefu unatokana na hesabu fupi: gawa 143 kwa megahezi, unapata mita kutoka ncha hadi ncha. Kwa katikati ya bendi, 98, jibu ni mita 1.46. Ukitoa nafasi ya katikati ya sentimita 2, kila mkono ni sentimita 72. Waya wetu una ganda la plastiki, na ganda hupunguza kidogo urefu unaohitajika, kwa hiyo kata sentimita 71. Kama stesheni moja ndiyo unayoitaka kuliko zote na iko mwanzoni mwa bendi, tuseme 90, kila mkono uwe 77. Ikiwa iko 106, uwe 65. Kosa la sentimita moja halina athari. La sentimita kumi linayo.

Kata bomba vipande viwili vya sentimita 74, virefu kidogo kuliko waya. Nyoosha waya kwa kuuvuta kati ya plaizi mbili, menya sentimita 1 ya ganda upande mmoja tu, uingize kwenye bomba. Ingiza mabomba kwenye matundu mawili yanayotazamana ya boksi, na ncha zilizomenywa zikutane ndani bila kugusana. Fungia kila moja kwenye chumba chake cha konekta. Gundi ya PVC ishike mabomba, na ncha za nje zizibwe kwa vifuniko. Toboa kitundu cha milimita 3 kwenye boksi, upande utakaokuwa chini, maji ya jasho la hewa yatoke. Boksi lisilo na tundu hujaa maji huku ukidhani limezibwa vizuri.

Sasa kebo, na hapa ndipo penye makosa mengi. Menya ganda la nje sentimita 3. Utaona wavu wa nyuzi, chini yake karatasi ya fedha, kisha sponji nyeupe, na katikati waya mmoja mgumu. Kusanya nyuzi za wavu zote upande mmoja, zisokote ziwe mkia. Kata karatasi ya fedha, menya sponji sentimita 1. Waya wa katikati uingie kwenye chumba kimoja cha konekta, mkia wa wavu kwenye kingine. Usijaribu kuuchomea risasi: wavu wa RG-6 nyingi ni wa aluminiamu na risasi haishiki, itang'ang'ania siku mbili kisha iachie. Skrubu inatosha. Kagua kwa macho, karibu, kwenye mwanga: uzi mmoja tu wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa waya wa katikati umeua antena nzima.

Kebo itoke kwenye tundu la tatu. Bana feraiti zote hapo hapo, sentimita chache kutoka kwenye boksi. Usipozipata, kunja kebo zamu nne zenye upana wa sentimita 12, uzifunge kwa tepu. Bila hivyo ganda la kebo nalo linageuka antena na kukuletea kelele zote za ndani ya nyumba, zile ulizohangaika kuzikimbia.

Kuhusu ubora wa kebo, usilaghaiwe. RG-6 yenye chuma katikati kilichopakwa shaba inafaa kabisa kwa FM, kwani mawimbi haya husafiri kwenye ngozi ya waya. Kinachohitaji jicho ni wavu: uliojaa ni mzuri, wenye nyuzi kumi za kuhesabika uache. Mita 20 hupoteza desibeli moja na kitu, hasara usiyoisikia.

Upande wa risiva, ukiwa na plagi ya F ya kusokota, menya ganda milimita 15, kunja wavu nyuma juu ya ganda, acha waya wa katikati utoke milimita 8 hivi. Sokota plagi mpaka sponji nyeupe ionekane imefika usawa wa ndani, na waya utokeze milimita 2 au 3 mbele ya mdomo. Risiva yenye tundu laini, lisilo na nyuzi, huchukua plagi ya antena ya TV ya zamani. Yenye skrubu mbili zilizoandikwa 300 inahitaji ile transfoma ndogo ya 300 kwa 75. Ukiona skrubu tatu, au klipu iliyoandikwa omu 75 na GND, waya wa katikati ni wa 75 na wavu ni wa GND.

Kabla hujapanda juu, pima kwa mita ya fundi umeme (multimita): kati ya waya wa katikati na wavu kusiwe na mawasiliano. Kisha mwenzako aunganishe vyumba viwili vya konekta kwa bisibisi, mita isome omu chache tu. Majaribio haya mawili yanakuondolea safari tatu za ngazi.

Ielekeze wapi

Moshi na Arusha ziko karibu kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi, kama kilomita 70 za anga. Mlima uko kaskazini kabisa. Mpangilio huu ni bahati kwa mwenye dipoli. Dipoli iliyolala husikia vizuri pande zake mbili za ubavu, na haisikii karibu chochote kwenye ncha zake. Basi ilaze ncha moja itazame Kibo na nyingine itazame mashamba ya miwa ya TPC. Ubavu mmoja utakuwa umetazama Boma Ng'ombe na Arusha, wa pili umetazama Himo na, mbele zaidi, Milima ya Taita iliyoko Kenya. Mwangwi unaorudi kutoka mlimani utaikuta ncha, na ncha ni kiziwi. Kwa wengi jambo hili peke yake linaondoa ile "s" inayopasuka.

Anza na mwelekeo huo, halafu mmoja abaki ndani anasikiliza stesheni mbaya kuliko zote, mwingine juu azungushe antena digrii kumi kumi. Sikilizeni penye kelele ndogo zaidi, maana sehemu yenye nguvu kuliko zote si lazima iwe safi kuliko zote. Dira ya simu ukiitumia juu ya bati itakudanganya, isome ukiwa chini uwanjani.

Kama stesheni unayoipenda inasikika vizuri zaidi antena ikisimama, isimamishe, na hapo itasikia pande zote sawa. Ila nguzo ya chuma isiwe sambamba nayo kwa karibu: itoe pembeni kwa mkono wa mbao wa sentimita 75 au zaidi, na kebo itoke mlalo umbali huo huo kabla ya kushuka. Nguzo ya mbao au mwanzi haina shida hii.

Urefu ni mali. Kutoka mita 3 hadi 6 juu ya ardhi kunaweza kukupa desibeli hadi 6. Mita moja na nusu juu ya kigongo cha paa la bati ni kiwango cha chini cha kuridhisha, maana chini ya hapo bati lenyewe linaivuruga.

Kibosho, Uru na Machame kuna ugumu wa makorongo. Nyumba iliyo chini, karibu na mto, haiwezi kuokolewa na antena iliyofungwa paani kwake. Peleka antena mgongoni mwa kilima na uvute kebo. Mita 60 za RG-6 zinapoteza kama desibeli 4, na bado utakuwa umepata mara nyingi zaidi ya ulichopoteza. Mlima ulio nyuma yako haukusumbui sana, kwa sababu stesheni nyingi ziko chini mbele yako. Walioko Rongai na Tarakea ndio wenye mlima kati yao na Moshi. Wao wapange antena kwa mnara wowote ulio upande wao.

Aliyeko Arusha atumie kanuni ile ile: Meru, mita 4,566, iko kaskazini ya mji, kwa hiyo dipoli yenye ncha kaskazini na kusini husikia Moshi kwa ubavu na kuupuuza mwangwi wa Meru. Anayekaa Ilboru au Sakina, chini kabisa ya mlima, ataona tofauti kubwa.

Yagi na busta

Ukitaka stesheni moja ya mbali, ongeza vijiti viwili vya bomba la aluminiamu visivyounganishwa na waya wowote, vyote sambamba na dipoli juu ya ubao mmoja wa mita 1.3. Nyuma, sentimita 60 kutoka kwenye dipoli, kijiti cha sentimita 153. Mbele, sentimita 60, kijiti cha 136. Hiyo ni Yagi ya vijiti vitatu. Inaongeza kama desibeli 5 upande inaotazama na kupunguza mawimbi yanayotoka nyuma. Kwa Moshi maana yake ni kuchagua: ukiigeuzia Arusha, stesheni za mashariki zitafifia. Nyumba nyingi hapa hazihitaji kufika huko.

Busta ina sababu mbili tu za kununuliwa: kebo inayozidi mita 40 au 50, au kugawa antena moja kwa vifaa kadhaa, kwani kila kigawanyo cha njia mbili hula desibeli 3 na nusu. Ifungwe juu karibu na antena. Ikiwa nyuma ya risiva, inakuza kilichokwisha kuharibika. Na mjini kati, karibu na minara, itazidiwa na kukuletea stesheni zisizokuwepo.

Radi, umeme na mvua

Kabla ya kusimamisha nguzo, angalia nyaya za TANESCO. Umbali kutoka kwenye nyaya hizo uwe zaidi ya urefu wa nguzo yote pamoja na mita 3, ili hata ikianguka isizifikie. Kama nafasi haipo, antena haiwekwi hapo, tafuta upande mwingine wa nyumba. Usipande bati lililolowa, na usifanye kazi hii peke yako.

Nguzo ya chuma ishikizwe ardhini kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba hadi kwenye nondo ya ethi ya mita 1.2 au zaidi, na ethi hiyo iunganishwe na ya nyumba. Wavu wa kebo nao ushikizwe hapo kabla ya kuingia ndani. Hii huondoa umeme unaojikusanya wakati wa mawingu. Radi inayopiga moja kwa moja haizuiwi na chochote cha dukani, kwa hiyo masika na vuli, ukisikia ngurumo ya mbali tu, chomoa plagi ya antena na ya umeme, zote mbili, uiweke kebo mbali na risiva. Ngurumo ikiwa juu yako umechelewa, iache.

Kebo ikiingia dirishani, ishuke kwanza chini ya tundu kisha ipande, ili maji yadondoke kwenye mkunjo yasifuate kebo hadi sebuleni. Viungo vya nje vifunge kwa tepu, juu yake ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu, kisha tepu tena. Mwezi Juni, masika yakishapita, fungua boksi. Skrubu zenye ukungu wa kijani zisugue kwa msasa, zipake grisi kidogo. Kama wavu wa kebo umegeuka mweusi na unga, maji yamekwisha kuingia ndani: kata sentimita 30, menya upya mpaka ufike penye kung'aa. Usipofika penye kung'aa ndani ya mita moja, badilisha kebo nzima.